Si Kila Kilichovuka Bahari Kimeibwa

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na sisi tumeumwa. Vigango vya Wamijikenda, nguzo za mbao za kuwakumbuka wafu, viling'olewa viliposimikwa, vikapita mikononi mwa wachuuzi wa sanaa hadi makumbusho ya Marekani. 30 kati yavyo vilirudishwa na makumbusho ya Denver baada ya miaka mingi. Ndiyo maana tukisikia kwamba michoro ya Waaborijini wa jangwa la Australia imetundikwa kwenye jumba la sanaa la Tate Modern, London, tunahukumu papo hapo: nao wameporwa, mali yao irudi kwao. Hukumu hiyo ina sura ya huruma, lakini ndani yake kuna dharau. Inawachukulia wachoraji kama watu wasiojua walichokuwa wakifanya.

Kigango kilisimikwa kisiondoke. Kanvasi ya jangwani ilichorwa iondoke. Mwaka 1971, kwenye makazi ya Papunya, zaidi ya kilomita 200 kutoka Alice Springs, wazee walianza kuchora kwa rangi za dukani juu ya vipande vya mbao, na mwaka uliofuata wakaunda kampuni yao wenyewe, Papunya Tula, ili wauze. Kabla ya hapo walichora mchangani, miambani na miilini. Mchoro wa mchangani ulifutika sherehe ilipokwisha. Huko Utopia, eneo jingine la jangwa hilo, Emily Kame Kngwarreye alianza na batiki, ile ile tunayoijua sisi, akageukia kanvasi mwishoni mwa miaka ya 1980 akiwa anakaribia umri wa miaka 80. Itazame kazi yake kwa karibu: mistari minene inayoteremka ni ile ambayo wanawake hupakana vifuani na mabegani wakati wa ngoma zao, na mingine inapindana kama mizizi ya kiazi cha porini, mmea ambao mbegu zake ndizo zilizompa jina la Kame. Mnunuzi hachukui ngoma wala kiazi. Nchi, wimbo na haki ya kuuimba havimo kwenye kifurushi.

Wengine watauliza: na siri je? Hapa ndipo imani yetu inapogeuka kichwa chini miguu juu. Katika miaka ya mwanzo baadhi ya wazee walichora mambo ambayo wanawake na vijana wasiopitia jando lao hawapaswi kuyaona. Aliyeingia jandoni hahitaji kuelezwa uzito wa kosa hilo. Waliokasirika walikuwa jirani zao wa jangwani, na michoro ilikuwa bado Australia. Wachoraji wakaziondoa alama za siri au wakazifunika kwa nukta. Mwaka 2009, Chuo Kikuu cha Cornell kilipoonyesha michoro ya mwanzo ya Papunya, picha zenye siri ziliwekwa kwenye nyongeza ya kitabu ambayo haikusambazwa Australia. Mgeni wa Marekani hutazama asione kitu. Mpwa wa mchoraji aliyeko Alice Springs ataisoma. Kwa mchoro kama huo, hatari iko nyumbani.

Hoja ya fedha ni nzito zaidi, na siipuuzi. Johnny Warangkula Tjupurrula aliuza mchoro wake wa mvua kwa dola 150 za Australia mwaka 1972. Mwaka 2000 ulinunuliwa kwa dola 486,500, yeye akiwa bado hai, wala sheria haikumpa hata senti. Warlugulong ya Clifford Possum Tjapaltjarri ilinunuliwa na benki kwa dola 1,200, ikatundikwa kantini, kisha mwaka 2007 ikafika dola milioni 2.4. Lakini angalia mauzo hayo yalifanyika wapi: Australia. Sheria ya kumpa mchoraji asilimia 5 kazi yake inapouzwa tena ilianza kutumika mwaka 2010 tu, na kazi ikiuzwa nchi nyingine malipo hayo hutegemea makubaliano ya serikali. Hapo ndipo penye ugomvi wa haki. Anayetaka kuwatetea wachoraji adai hati ya mauzo na asilimia yao, asidai kanvasi zirudishwe ghalani.

Ni kweli kwamba watazamaji wengi wa Ulaya huona nukta za kupendeza na basi. Ujinga wa mtazamaji ni aibu yake mwenyewe. Haumfanyi mchoraji kuwa ameibiwa. Wazee wa jangwani wenyewe ndio walioomba simulizi ya Dada Saba, nyota tunazoziita kilimia, ifanyiwe maonyesho makubwa, wakiwa na neno juu ya nini kionekane na nini kifichwe. Maonyesho hayo yalifunguliwa Canberra mwaka 2017, kisha yakasafiri. Kituo cha kwanza Ulaya, mwaka 2021, kilikuwa Plymouth, bandari ambako nahodha Mwingereza James Cook aling'oa nanga mwaka 1768 katika safari iliyomfikisha Australia.