Konda wa Chamazi katuzidi akili

Najua nimepotea, ni msuli wa mradi wa mwaka wa mwisho. Leo nimerudi na hasira zangu, mnivumilie.

Mradi wa kundi letu ni wa nauli za daladala. Unaingiza ruti, mashine inakupa nauli. Tunatumia Drools, ile injini ya sheria ya Java: unaiandikia "ikiwa hivi, fanya vile", yenyewe inatafuta sheria ipi inahusika. Nauli tumeziweka kwenye mapu, yaani jedwali la funguo na thamani. Ufunguo ni jina la ruti, thamani ni shilingi.

Juzi tukamwonyesha mwalimu. Tukaingiza Chamazi-Rangi Tatu. Kimya. Mbande-Rangi Tatu. Kimya. Hakuna kosa lililotokea, hakuna nauli, hakuna chochote. Mwalimu akafunga daftari, akasema turudi wiki ijayo.

Tukakaa kikao. Mshkaji mmoja akaja na dawa yake: "Tuandike sheria moja kwa kila ruti, yaishe." Ruti 40, sheria 40, kopi na kupesti. Kundi zima likakubali! Jamani, hapo ndipo ninapogomba.

Kwanza, ugonjwa wenyewe ulikuwa alama mbili za nukuu. Tuliandika get("$ruti"). Ukishakiweka kigeu ndani ya nukuu si kigeu tena, ni neno tu. Injini ikaenda kutafuta ruti inayoitwa "$ruti". Nani kawahi kupanda gari la huko? Mapu ikarudisha null, na "from" ikipewa null hailalamiki, sheria haiwaki tu. Kilichotakiwa ni hiki:

$meza : Map()
Safari( $ruti : ruti )
$nauli : Number() from $meza.get($ruti)

Mstari wa pili unakamata ruti, wa tatu unaitumia. Ukiipindua hiyo mistari miwili, kigeu kinatumika kabla hakijazaliwa. Sheria moja, ruti zote.

Pili, mwangalieni konda. Akihamishwa kutoka Chamazi kwenda Gongo la Mboto hapewi kichwa kipya. Anauliza tu nauli ya ruti hii ni ngapi, anaendelea kudai hela. Kazi ni ileile, kilichobadilika ni ufunguo. Sisi wasomi tunataka vichwa 40!

Tatu, nauli hazikai. Desemba 2023 LATRA walipopandisha, daladala za umbali usiozidi kilomita 10 zilitoka shilingi 500 kwenda 600. Mwenye mapu anabadilisha namba kwenye jedwali, anaenda kulala. Mwenye sheria 40 anazifungua moja moja, na akisahau moja tu, kuna watu watadaiwa nauli ya zamani na konda ndiye atakayefidia kwa bosi. Injini za sheria zilitengenezwa ili mambo yanayobadilikabadilika yasizikwe ndani ya programu. Ninyi mnachimba kaburi na kuyafukia humo humo.

Sikatai, mapu ina hatari zake. Ruti isipokuwemo, inanyamaza, kama ilivyotuaibisha. Basi tuongeze sheria ya pili: ufunguo usipoonekana kwenye mapu, ipige kelele "ruti haipo". Na ukibadilisha namba mapuni wakati injini inafanya kazi, iambie kwa update, maana yenyewe haichungulii ndani. Sheria mbili na tahadhari moja. Bado hatujafika 40.

Kesho tunapiga kura, na najua nitakuwa peke yangu. Poa tu. Kama ni sapu, niipate kwa kosa langu mwenyewe, siyo kwa kudesa sheria moja mara 40 kisa tumeogopa kufuta nukuu mbili.

Haya, konda anaita Chamazi, Chamazi. Ngoja niwahi siti. Mnaonipinga, njooni na hoja.