Kaa la moto na mguu wa shangazi

Yaliyotokea nyumbani kwetu siku moja ya Desemba 2022 yalinirudisha kwenye somo ambalo nilidhani nililiacha shuleni pamoja na sare. Shangazi yangu alikuwa amekuja Nairobi kukaa nasi kwa ajili ya Krismasi. Gesi ilikuwa imeisha, tukawasha jiko la makaa kwenye roshani. Shangazi akaketi kwenye kigoda kando ya jiko, ndara kazivua, huku akipika chapati na kumsimulia mwanangu wa darasa la pili visa vya sungura.

Kijana huyu, kwa uroho wake, akanyoosha mkono kunyakua chapati kabla haijaiva. Kidole kikagusa kikaango. Kabla hajalia, kabla hata uso haujakunjamana, mkono ulikuwa umesharudi kifuani. Kilio kilifuata baadaye, tena kikubwa.

Katika vurumai ile jiko lilitikisika, na kaa moja la moto likadondoka na kutua kwenye kidole kidogo cha mguu wa shangazi. Hakuinua mguu. Aliendelea kumbembeleza mjukuu wake na kumpulizia kidole, mpaka mke wangu alipotoka jikoni akiuliza ni nini kinachoungua.

Moto ni ule ule. Mmoja aliruka kabla ya kuhisi maumivu, mwingine hakuhisi wala hakuruka. Kwa nini?

Wanafunzi watakumbuka kwamba mfumo wa neva, au mishipa ya fahamu kama wengi tunavyouita, una makao yake makuu katika ubongo na katika ile kamba ya neva ipitayo ndani ya uti wa mgongo. Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo 1.4 hivi, na seli za neva zipatazo bilioni 86. Kamba ya mgongoni ina urefu wa sentimita 45 hivi na unene wa kidole kidogo cha mkono. Kutoka humo hutokeza jozi 31 za neva ziendazo mikononi, kiwiliwilini na miguuni. Jozi nyingine 12 hutoka ubongoni kwenyewe. Ndani ya neva moja mna nyuzi nyingi nyembamba. Baadhi huleta habari kutoka kwenye ngozi na viungo, na nyingine hupeleka amri kwenye misuli.

Habari hizo watu husema husafiri kama stima. Si uongo, lakini si stima ile ya nguzoni. Ni chembe za chumvi, sodiamu na potasiamu, ziingiazo na kutoka kupitia vilango vidogo kwenye utando wa seli, kilango kimoja kikiamsha kinachofuata. Nyuzi nene zilizovikwa mafuta hupitisha habari upesi sana, hata kufikia mita 100 kwa sekunde. Nyuzi nyembamba zisizo na vazi hilo hujikokota chini ya mita mbili kwa sekunde, mwendo wa mtu aendaye sokoni. Ndiyo maana ukijigonga kidole cha mguu maumivu huja mara mbili: kwanza ule mchomo mkali, kisha, baada ya kitambo, ule uchungu mzito unaokufanya ukae chini na kukishika.

Sasa tumrudie mwizi wa chapati. Habari ya moto ilitoka kidoleni ikaingia kwenye kamba ya neva sehemu za shingoni. Pale pale, bila kungoja ubongo, seli za katikati zikaipokeza kwa seli zinazoamrisha misuli ya mkono: huu ukunje, na ule wa upande wa pili ulegee. Nakala ya habari ilipelekwa ubongoni, lakini ilipofika mkono ulikuwa umeshaondoka. Ni kama mlinzi wa lango anayemfukuza mbwa mkali kwanza, kisha ndipo ampigie simu mwenye nyumba. Hata hivyo mwenye nyumba ana sauti yake. Kina mama wengi wameshikilia sufuria ya moto mpaka wakaifikisha mezani, kwa kuwa ubongo uliona heri kuungua kidogo kuliko kumwaga mchuzi wa watu wanane.

Kwa shangazi, ubongo haukuwa na kasoro. Visa vyake vya sungura ni ushahidi. Misuli ya mguu nayo ilikuwa sawa, kwani alipanda ngazi za orofa ya tatu kwa miguu yake. Kilichokosekana ni ile habari ya kwanza. Haikutoka kidoleni, basi kamba ya mgongoni haikuwa na la kujibu.

Shangazi ameishi na ugonjwa wa kisukari kwa zaidi ya miaka kumi. Sukari ikizidi damuni kwa muda mrefu, huharibu nyuzi za neva pamoja na vile vijishipa vidogo vya damu vinavyozilisha. Nyuzi ndefu ndizo huumia kwanza. Uzi unaotoka kwenye kidole cha mguu ni sehemu ya seli moja tu, ambayo kiini chake kiko karibu na uti wa mgongo, chini ya kiuno. Chakula na vipuri vya uzi huo sharti visafirishwe kutoka huko, umbali wa karibu mita moja. Kwa hiyo ganzi huanzia vidoleni, miguu yote miwili, na kupanda polepole kama mtu anayevaa soksi.

Mwanzoni huwa ni kuwashwa, au nyayo kuwaka moto usiku. Kisha kimya. Kimya hicho ndicho kinachowadanganya wengi, maana husema, "Afadhali, maumivu yameisha."

Daktari Paul Brand, mpasuaji Mwingereza aliyeanza kazi Vellore nchini India mwaka 1946, aliliona jambo hili kwa wagonjwa wa ukoma. Watu waliamini kwamba ukoma hula vidole. Yeye alionyesha kwamba viini vya ukoma viliua neva, na vidole viliharibika kwa majeraha na moto ambao wenyewe hawakuuhisi.

Kule kliniki, daktari alimwambia shangazi afumbe macho, aseme "ndiyo" kila akihisi ameguswa. Akaanza kumgusa nyayo kwa uzi mgumu wa nailoni, hapa na pale. Shangazi alikaa kimya kwa muda, kisha akauliza, "Daktari, utaanza lini?" Mimi niliyesimama kando nilikuwa nimeshahesabu mara sita.

Neva zilizokufa hivyo ni nadra kufufuka, ingawa kudhibiti sukari huzuia uharibifu usiendelee. Kinachobaki ni macho kufanya kazi ya neva. Shangazi hapekui tena, hata ndani ya nyumba. Viatu huvikung'uta kabla ya kuvaa, kwani msumari au kijiwe kinaweza kushinda humo tangu asubuhi hadi jioni bila yeye kujua. Maji ya kuoga huyapima kwa kiwiko, na jiko hulikalia mbali. Kidonda chochote cha mguuni, hata kama hakiumi, hupelekwa hospitalini siku hiyo hiyo. Lile jeraha la Desemba lilichukua majuma kumi na moja kupona.

Kila usiku huzikagua nyayo zake kwa kioo kidogo. Anapokuwa kwetu kazi hiyo ni ya mjukuu wake, ambaye huifanya kwa makini sana na kudai malipo yake kwa chapati.