Kabureta za zamani: sisi tunauza kwa kilo, wenzetu wananunua moja moja

Mwezi uliopita mjini Mbinga, mwandishi wa safu hii alikuta boksi la kabureta kumi na moja likiwa tayari juu ya mzani wa mnunuzi wa vyuma chakavu. Mwenye mali alikuwa mama mmoja aliyepanda na gari la asubuhi kutoka upande wa ziwani. Marehemu mumewe alikuwa fundi magari.

"Shikamoo mama. Hizi zote unauza?"

"Marahaba mwanangu. Zinajaza chumba tu. Mwenye kuzijua hayupo tena."

Mnunuzi alitaka kuzipima zote pamoja kwa bei moja, ile ya aluminiamu iliyochanganyika. Kwa upande wake hilo halina kosa, kwani kabureta kwake ni zinki, aluminiamu na vijiskrubu vya shaba nyeupe ambavyo baadaye vitamsumbua kuvitoa. Nilimwomba dakika kumi. Hakufurahi, lakini alinipa.

Ndani ya boksi mlikuwa na Zenith nne, Solex mbili na Weber mbili. Tatu zilizobaki zilikuwa nusu nusu, hazina kifuniko wala boya, na moja ilikuwa ya mashine ya boti. Weber ya kwanza ilikuwa 34 ICH, yenye koo moja. Ya pili ilikuwa ya makoo mawili, na ubavuni, chini ya vumbi na grisi, ilikuwa na neno Bologna.

Maoni ya safu hii yanatoka katika boksi hilo. Soko letu la vipuri vya zamani limesimama kichwa chini miguu juu. Kitu ambacho wenzetu Ulaya wanakinunua kimoja kimoja, kwa kukiangalia na kukisoma namba, sisi tunakiuza kwa kilo. Halafu tunatoka hapo na fedha ileile kwenda dukani kununua, kwa bei ya kimoja kimoja, nakala ambayo haistahili zaidi ya bei ya kilo. Hasara inaingia mara mbili katika mfuko uleule.

Msomaji anaweza kuuliza kabureta za namna hii zilifikaje kona hii ya Ruvuma. Jibu ni Land Rover na barabara. Kabla lami haijafika, safari ya kutoka Mbinga kuteremka Mbamba Bay, kama kilometa 66 hivi, ilikuwa ya magari yenye nguvu na madereva wenye subira. Misheni, serikali, ushirika wa kahawa na watu binafsi walitegemea zaidi Land Rover Series II, IIA na III zenye injini ya petroli ya sentimita za ujazo 2,286. Za mwanzo zilikuja na kabureta ya Solex. Baadaye, katika miaka ya 1960, kiwanda kikahamia Zenith 36 IV.

Mafundi wa zamani wanaijua Zenith hiyo kwa uzuri na kwa ugonjwa wake. Kifuniko cha juu kikikazwa kupita kiasi hupinda, na mpira mdogo wa duara ulio kati ya sehemu mbili ukichoka, petroli hupita pasipotakiwa. Injini inakataa kutulia gari likisimama, inakula mafuta na kutoa moshi mweusi. Wengi walishindwa kuitibu wakaitupa chini ya meza na kufunga Weber 34 ICH, ambayo haikutoka na gari kiwandani bali iliuzwa pembeni kama mbadala. Weber ni tulivu na haina mambo mengi. Koo lake ni jembamba, kwa hiyo mlimani gari linakosa nguvu kidogo, lakini dereva analala usingizi.

Ongeza hapo historia yetu ya uchumi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 fedha za kigeni zilikuwa hazionekani, kuendesha gari Jumapili baada ya saa nane mchana kulipigwa marufuku ili kuokoa mafuta, na mwaka 1983 kampeni dhidi ya walanguzi ilifanya hata mwenye spea halali aogope kuionyesha. Fundi hakuuliza kabureta hii ni ya gari gani. Aliuliza kama matundu ya boliti yanakaribiana. Kwa hiyo zilifungwa kabureta za Peugeot juu ya Land Rover, kwa kipande cha bati kilichotobolewa kwa mkono kati yao. Milango ya biashara ilipoanza kufunguliwa mwaka 1984, na kahawa ikaruhusiwa kununuliwa na watu binafsi katika msimu wa 1994/95, magari mapya ya dizeli yaliingia na petroli za zamani zikaegeshwa chini ya miembe. Kabureta zilifunguliwa kwanza, kwa sababu ndizo nyepesi kubeba.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo, kwa mtazamo wangu, ndilo linalozipa kabureta hizi thamani hapa hapa nyumbani kabla hata ya kufikiria mnunuzi wa Ulaya. Ziwa Nyasa liko karibu mita 475 juu ya usawa wa bahari. Panda Umatengoni na utakuta vijiji vya kahawa vilivyofika mita 1,500 na zaidi. Kati ya ufuko na vijiji hivyo hewa inapungua uzito kwa karibu sehemu moja ya kumi. Kabureta haina macho ya kuliona hilo. Inaendelea kumimina petroli kupitia tundu lilelile, ile jeti, wakati hewa ya kuiunguza imepungua. Matokeo yake mchanganyiko unakuwa mzito kwa kama asilimia tano, plagi zinapata masizi na lita moja haifiki ilipokuwa ikifika.

Fundi aliyejua kazi alikuwa na jeti mbili kwenye kikopo, moja ya ziwani na moja ya mlimani, na alibadili kulingana na mahali gari linakoshinda. Hapa ndipo Weber na Solex za zamani zinapopata heshima yake. Zilitengenezwa zikiwa na jeti za kufungua kwa bisibisi, zenye namba zilizochongwa, kwa hatua ndogo ndogo. Ukiwa na jeti ya 125 na ya 120 huhitaji nadharia nyingine. Nakala nyingi za bei rahisi zinazouzwa leo zina jeti zenye namba isiyolingana na tundu, na nyingine hazina namba kabisa. Jina la Ulaya limeandikwa kwa herufi nzuri kwenye boksi, ndani hakuna kitu cha kurekebisha.

Nasema hivi kwa uchungu wa mfuko wangu. Miaka michache iliyopita, nikiwa nimetoka chuoni na kujiona najua biashara, nilinunua jijini kabureta sita zilizoitwa Weber, kwa lengo la kuzileta Songea na Mbinga. Muuzaji, ambaye simtaji, aliniapia. Fundi wa kwanza niliyempelekea aliishika, akaitikisa mhimili wa kipepeo kwa kidole, akasikia unavyocheza, akanirudishia bila kusema neno. Niliziuza nne kwa hasara. Mbili ninazo mpaka leo na zinashikilia mlango wa chumba changu usijifunge kwa upepo.

Mwenye kutaka kujua Weber ya kweli aanze na historia. Edoardo Weber alianzisha kazi yake Bologna, Italia, mwaka 1923. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 utengenezaji ulihamia Hispania. Kabureta iliyochongwa Bologna kwa hiyo ni ya kabla ya hapo, na wapenzi wa magari ya kale huilipia zaidi ya ile ya Hispania, japokuwa kikazi tofauti yao si kubwa hivyo. Hiyo ndiyo bei ya uhaba, na haina uhusiano na mafuta linayotumia gari.

Uhaba nao una hadithi zake, na hadithi ndizo zinazowatia hasara wawekezaji wadogo. Kila kabureta ya makoo mawili iliyolala ubavu inaitwa "ya Safari Rally". Mashindano hayo yalianza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na ni kweli kwamba Mitsubishi Lancer 1600 GSR aliyoshinda nayo Joginder Singh mwaka 1974 na 1976 ni gari lililotumia kabureta mbili za Mikuni-Solex za namna hiyo. Lakini kabureta za Joginder zingekuwa nyingi kama zinavyotajwa na wauzaji, gari lake lingehitaji trela. Anayekuuzia historia mwombe karatasi. Kama hana, lipia chuma tu.

Hadithi ya pili ni kongwe zaidi, nayo ni ya kabureta inayokwenda maili 200 kwa galoni. Chanzo chake ni Charles Nelson Pogue wa Winnipeg, Kanada, aliyepata hataza katika miaka ya 1930 kwa kabureta ya kugeuza petroli kuwa mvuke kabla haijaingia kwenye injini. Hakuna jaribio huru lililowahi kuthibitisha maili hizo. Tangu wakati huo kila bei ya mafuta inapopanda, huzuka mtu mwenye kifaa cha kufunga kwenye kabureta na maelezo kwamba makampuni ya mafuta yanakificha. Idara ya mazingira ya Marekani imepima vifaa zaidi ya 100 vya aina hiyo. Vichache mno vilileta nafuu, nayo ilikuwa ndogo. Galoni ya petroli ina nguvu yake na mwisho wake. Hata hivyo safu hii imeshuhudia kifaa kama hicho kikiuzwa stendi, na walionunua walikuwa waendesha bodaboda, watu ambao hesabu ya mafuta wanaijua kuliko mimi.

Kuna na uhaba usio na mnunuzi. Uingereza ya miaka ya 1960 iliuza kabureta iitwayo Reece-Fish kwa ajili ya magari madogo kama Mini. Ni adimu kweli kweli, na kuna watu wanaoitafuta. Ukiipata Mbinga leo, utamuuzia nani kesho asubuhi? Chuoni tulifundishwa kwamba mali inayokosa wanunuzi wa mara kwa mara haina bei, ina matumaini. Anayefanya biashara kwa mkopo wenye riba ya kila mwezi asiguse mali ya matumaini. Aiachie mwenye fedha zisizomuuma.

Kwa hiyo fedha iko wapi? Kwa maoni yangu iko kwenye vidogo. India ilibana kanuni za moshi Aprili 2020 na pikipiki zake za soko la ndani zikahamia mfumo wa kupuliza mafuta, lakini pikipiki za kabureta bado zinaletwa kwetu na ndizo zinazobeba Mbinga nzima. Ufukweni, Liuli, Lituhi na Mbamba Bay, mashine za boti za mapigo mawili zinaishi kwa kabureta pia. Huko si suala la kuokoa lita. Sindano ya boya ikiwa na ncha ya mpira wa bandia, ikavimba kwa petroli na kuziba wakati boti ya usipa iko mbali na nchi kavu na upepo wa kusi umeamka, wenye boti hawatakumbuka kwamba waliokoa shilingi elfu chache. Duka lenye sindano, gasketi, maboya na jeti zenye namba za kweli linageuza mtaji wake kila wiki. Duka la kabureta adimu linageuza labda mara moja kwa mwaka.

Lakini hiyo haina maana mwenye kabureta adimu aitupe kwenye mzani. Kabla ya kupima, aisafishe kwa petroli na brashi, asome maandishi ubavuni, aangalie kama kifuniko, boya na jeti zote zimo, na autikise mhimili wa kipepeo. Ikiwa kamili na haichezi, aipige picha pande zote na kuitafutia mwenye Land Rover, awe wa Songea, Nairobi au Uingereza, ambako magari hayo yanatunzwa kama ng'ombe wa mahari. Ikiwa nusu, basi mnunuzi wa chuma chakavu ana haki yake, na bei yake ni ya kweli.

Ndivyo tulivyofanya siku ile. Tatu zile mbovu zilibaki kwenye mzani, pamoja na Zenith moja iliyopasuka shingo. Mnunuzi alizilipia palepale. Solex moja na Zenith mbili zilichukuliwa siku ileile na fundi wa gereji ya jirani, aliyetaka kuzivunja kwa ajili ya jeti zake, na kwa hizo tatu mama alipata zaidi ya alichokuwa ametajiwa kwa boksi zima.

Zilibaki nne: Zenith moja, Solex moja na Weber mbili. Mama alizifunga kwenye kanga.

"Hii yenye maandishi," aliniuliza, "baba yao alikuwa hataki mtu aiguse. Ndiyo ya fedha?"

Nilimjibu kwamba inaweza kuwa, ila isubiri. Akasema kusubiri anakujua, akaenda kutafuta gari la kushuka Mbamba Bay. Hadi tunakwenda mitamboni zote nne zilikuwa bado hazijauzwa.