Kuku wa Mayai Mia Tatu

Iko itikadi moja iliyokwisha kuota mizizi katika nyua zetu, toka Tanga mpaka Mombasa na toka Mwanza mpaka Kampala, nayo ni kwamba ubora wa kuku hupimwa kwa hesabu ya mayai yake, na kwa hiyo mtu atakaye kufuga kuku 10 au 12 nyuma ya nyumba yake hana la kuuliza ila moja: yupi atagaye mengi? Ulizo hili huulizwa kwa unyofu, hujibiwa kwa bashasha, na mwenye kulijibu aghalabu ndiye mwenye vifaranga vya kuuza. Jibu lake ni mayai 300 kwa mwaka. Msikiaji huyagawanya kwa 30 akapata trei 10, akazidisha kwa kuku 10 akapata trei 100, akazidisha tena kwa bei ya dukani, na kabla kifaranga hakijatua chini yeye amekwisha kulipa karo ya mtoto, ameezeka upya banda la uani, na katika baki amemnunulia mkewe doti ya kanga. Hesabu hii haina kosa la tarakimu hata moja. Kosa lake ni kwamba imemhesabu kuku kana kwamba hali.

Sisemi haya kwa kuhadithiwa. Miaka kadha iliyopita nilinunua matetea 12 wa rangi ya kahawia, waliokaribia kutaga, kwa mchuuzi aliyeapa kwa Mola wake kwamba aina ile haina dhiki ya chakula, na mimi, ambaye maishani sikupata kumwona kiumbe mwenye kutoa pasipo kupewa, nikamsadiki kwa sababu nilitaka kumsadiki. Nikawalisha kama marehemu mama yangu alivyowalisha kuku wake pale Tanga: pumba za mahindi asubuhi, machicha ya nazi adhuhuri, ukoko wa wali jioni, na majani na wadudu wa uani kwa kadiri ya bidii ya kila mmoja. Mwezi wa kwanza niliokota mayai kumi kwa siku, na siku nyingine kumi na moja, nikawa natembea mtaani kifua mbele kama mtu aliyechimba kisima akakuta maji matamu.

Mwezi wa tatu, alfajiri moja, niliingiza mkono kiotani nikagusa kitu laini chenye vuguvugu, nikakitoa kwa hofu nikidhani ni kinda la panya. Lilikuwa yai lisilo na gamba, ute na kiini vimefungwa katika utando mwembamba mfano wa ngozi ya ndani ya kitunguu, likitetemeka kiganjani, na nilipoliinua mbele ya taa nilikiona kiini kikielea kama mwezi nyuma ya wingu. Siku ya pili yalikuwa mawili. Siku ya tatu kuku waliyafikia kabla yangu wakayala, na kuku aliyekwisha kuonja yai ni vigumu kumwachisha. Kisha mmoja akashindwa kusimama, akawa akijikokota kwa mbawa mpaka kwenye chombo cha maji. Nikaenda kumwita jirani yangu, bibi aliyefuga kuku tangu mimi sijazaliwa. Baada ya shikamoo na marahaba alimwinua yule mgonjwa, akampapasa kifuani, akakuta mfupa umechongoka kama mkuku wa mashua iliyopandishwa pwani. Akamrudisha chini taratibu. "Mwanangu," akasema, "huyu umempa kazi, hukumpa posho."

Vitabu vya ufugaji husema neno lile lile la bibi, ila vyenyewe hulisema kwa tarakimu. Gamba la yai moja lina takribani gramu 2 za kalsiamu, nalo hujengwa ndani ya mwili wa kuku kwa muda wa saa zipatazo 20, sehemu kubwa usiku, wakati mwenyewe yuko juu ya kijiti amefumba macho na hali kitu. Kama chokaa haimo tumboni, mwili huichota katika mifupa. Tetea wa kienyeji aonapo njaa hufunga duka: huacha kutaga, hutafuta kivuli, hungoja mvua na kumbikumbi, nasi humwita mvivu. Yule wa kahawia amezaliwa na kuzalishwa, kizazi baada ya kizazi, ili asifunge duka, na kwa hiyo huendelea kuuza hata pale bidhaa iliyobaki ni mifupa yake mwenyewe. Chakula kimstahilicho huwa na protini baina ya asilimia 16 na 18 na kalsiamu karibu asilimia 4, na katika chakula hicho yeye hula gramu 110 hadi 120 kila siku ipitayo, atage asitage. Fanya hesabu hii nayo, ewe uliyefanya ile ya trei: gramu 120 kwa siku 365 ni kilo 44 pungufu kidogo, na kuku 10 ni kilo 438, yaani karibu magunia 9 ya kilo 50. Anayelitamka lile neno 300 halitamki hili neno 9, na hadaa yote imekaa hapo.

Wala si chakula peke yake. Mchana wetu wa Tanga hauzidi saa 12 na nusu mwaka mzima, ilhali wafugaji wa biashara huwawashia kuku taa mpaka mwanga wao wa siku utimie saa 14 hata 16. Joto letu la Januari na Februari humfanya kuku aheme kinywa wazi, na kuhema huko hupunguza ubora wa gamba kama njaa ipunguzavyo. Basi yale mayai 300 si sifa ya kuku kama vile wekundu ulivyo sifa ya upanga wake. Ni mapatano baina ya kuku, gunia, taa, kivuli na mkono wa mchanjaji, na akikosekana mmoja, mapatano yamevunjika, naye kuku ndiye peke yake asiyeweza kutoka katika mkataba.

Yafaa tukumbuke kuku hawa walitoka wapi. Henry A. Wallace, yule aliyekuwa Makamu wa Rais wa Marekani tangu 1941 hadi 1945, alikuwa kwanza mtu wa mbegu za mahindi chotara, na mwaka 1936 akaanzisha kampuni ya Hy-Line ili ufundi ule wa mahindi uhamie katika kuku: kulea koo mbalimbali kila moja kwa nafsi yake, kisha kuzikutanisha ili mtoto awapite wazazi. Wafaransa wakatoa ISA Brown mwaka 1978, Wajerumani wana Lohmann Brown yao, na wote hao ni mafundi hodari ambao sina ugomvi nao. Hata ile rangi ya kahawia ina tadbiri ndani yake, kwa kuwa jogoo mwekundu akikutanishwa na tetea mwenye weupe wa namna fulani, vifaranga majike hutoka wekundu-kahawia na madume hutoka weupe-manjano, wakatengwa siku ile ile ya kuanguliwa pasipo haja ya mtaalamu wa kupekua.

Sasa nitazame ajabu ya watu wetu. Mkulima aliyezoea mahindi chotara, kama yale ya Kitale yaliyowafikia wakulima wa Kenya katika miaka ya 1960, anajua bila kufundishwa kwamba akipanda tena punje za shamba lake mwaka wa pili, mabua yatatoka marefu kwa mafupi na magunzi yatamwaibisha. Mtu huyo huyo, akirudi uani, humwekea jogoo wa jirani matetea wake wa kahawia, akakusanya mayai, akaapa kwamba sasa ana mbegu ya mayai 300 isiyokwisha. Alijualo shambani amelisahau mlangoni. Na mayai hayo nani atayaatamia? Wahenga walisema kuku wa mkata hatagi, na akitaga haangui, na akiangua huchukuliwa na mwewe. Wakaisema kwa kuomboleza. Sisi tumekwenda dukani tukanunua kwa fedha taslimu kuku aliyeondolewa makusudi hamu ya kulalia, maana kila siku anayoatamia ni siku asiyotaga, kisha twamshangaa kwa kutimiza methali.

Hapa najua watashangilia watu wa kundi la pili, wale ambao kwao kila kitu cha kienyeji ni dawa, nami sina budi kuwakatiza furaha. Kiini cha manjano iliyokolea, wanachokiuza kwa bei maradufu, hupata rangi yake kwa majani mabichi na mahindi ya njano, na kuku yeyote wa kigeni akilishwa hayo atatoa kiini cha rangi ile ile. Tetea wa kienyeji aliyeachwa kwa majaliwa hutaga mayai 40 hata 60 kwa mwaka, katika vipindi vitatu au vinne, huyaatamia siku 21, hutoka na vifaranga kumi, na baada ya mwezi mwewe, kicheche na mvua vimemwachia watatu. Kisha huja kideri, ambacho bara hukiita mdondo, kikafagia mtaa mzima kwa wiki moja, na watu wakasema ni upepo. Sikioni kitu cha kujivunia katika hali hiyo. Chanjo ya kideri ni tone moja la jicho, iko namna yake istahimiliyo joto iliyotengenezwa kwa ajili ya vijiji visivyo na barafu, hurudiwa kila miezi mitatu au minne, na mfugaji asiyeijua hana haki ya kubishana juu ya aina. Kuku asiyechanjwa ni wa aina moja tu, wa kufa.

Nachagua nini, basi? Kwa uani wenye makombo, majani na pumba, lakini usio na magunia 9, yuko kuku wa daraja la kati, chotara wa nyama na mayai, kama Kuroiler aliyezalishwa India na Vinod Kapur kwa ajili ya akina mama wa vijijini, akaletwa Uganda mnamo 2010, au Sasso wa Kifaransa. Huyu hutaga kama nusu ya yule wa kahawia, lakini hutembea, hufukua, hula kilichopo, na jogoo wake, ambaye kwa ile aina nyingine ni hasara siku ya kwanza, huuzwa kwa uzito wa kuheshimika. Vifaranga vyake hununuliwa upya, sawa na mbegu ya mahindi. Kwa hiyo mimi huweka pamoja nao matetea wawili wa kienyeji, mmoja wao kishingo, ambaye shingo yake tupu huchekwa na watoto lakini ndiyo impoozayo wakati wenzake wanahema, na usiku huwasukumia matetea hao vifaranga vya dukani chini ya mbawa, nao huwalea bila kuuliza nasaba.

Na anayempenda yule wa kahawia simkatazi, nami ninao. Ila afuge watatu pale alipotaka 12. Watatu ni kilo 131 za chakula kwa mwaka, hazitimii magunia 3, na wakishiba vema humpa mwenye nyumba mayai mawili karibu kila siku, ambayo ni mengi kuliko aliyokuwa akiyapata kwa kumi na wawili wenye njaa. Mwenye kuku 200 na duka la kuuzia mayai mjini, aliyekwisha kuiweka bei ya gunia katika daftari yake kabla ya bei ya trei, huyo hakuhusika na makala haya toka mwanzo.

Wiki iliyopita mchuuzi mwingine alisimamisha baiskeli mlangoni pangu, tenga la vifaranga limefungwa nyuma kwa mpira, akanisalimu kwa adabu na kuniambia kwamba hawa ni wa 320. Nikamwuliza gunia la chakula chao linauzwaje siku hizi. Akatazama tenga, akatazama njia, akasema yeye, mzee wangu, huuza vifaranga tu.