Mtoto wa Kulea si Kibarua



Sisi wachumaji wa chai wa Gisakura na Shagasha, wa saruji wa Bugarama, na vibarua wa Kamembe mpaka karibu na bwawa la Rusizi I, tunajua maana ya kulea mtoto usiyemzaa. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, nyumba nyingi za wanyonge zilipokea yatima bila kungoja karatasi ya mtu yeyote.

Mwaka 2012 ulitolewa uchunguzi wa vituo vya yatima nchini. Walihesabiwa watoto na vijana 3,323 katika vituo 33. Wengi wao walikuwa na mzazi au jamaa aliye hai. Umaskini ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyowapeleka kituoni. Mwaka huo huo Baraza la Mawaziri likapitisha mkakati wa kuwarudisha watoto nyumbani, ukafuata mpango wa Tubarerere mu Muryango, yaani tuwalee katika familia. Familia zinazopokea watoto zikaitwa Malayika Murinzi. Kila kijiji kikapata Inshuti z'Umuryango wawili, mwanamume na mwanamke, wa kuangalia usalama wa watoto. Mwaka 2018 zikaja sheria mbili: nambari 71 ya kumlinda mtoto, na nambari 66 ya kazi, inayokataza kumwajiri aliye chini ya miaka 16.

Sisi tunaziunga mkono. Mtoto hulelewa nyumbani, halelewi bwenini. Lakini mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mchumaji hulipwa kwa kilo, na kinywa kimoja zaidi mezani hakiongezi hata kilo moja mizani. Kama umaskini ndio uliomtoa mtoto kwao, umaskini huo huo waweza kumtoa shuleni na kumtia shambani, eti anamsaidia mama. Hapo mtoto aliyeondolewa kituoni anageuka kibarua asiye na mshahara.

Kwa hiyo tuseme mambo mawili bila kuoneana haya. La kwanza ni letu wenyewe: anayempokea mtoto ili apate mikono ya kuchuma si mlezi, ni mnyonyaji, hata kama ni mwenzetu. Tukimwona, twende kwa Inshuti z'Umuryango wa kijiji. La pili ni la waajiri: bei ya kilo imtoshe mzazi kumlisha mtoto bila msaada wa mikono ya mtoto, na mikataba ya pamoja imtambue mtoto wa kulea sawa na wa kuzaa, katika matibabu na katika ruhusa ya kumwuguza.

Basi kila tawi liliweke jambo hili katika ajenda ya mkutano wake ujao. Sheria imekwisha kuandikwa. Kazi iliyobaki ni yetu.