Kipandikizi Kipimwe kwa Kupona kwa Kano

Operesheni ya kushona kano za bega zilizochanika, yaani zile kamba imara zinazounganisha misuli minne ya kuzungusha bega na kichwa cha mfupa wa mkono wa juu, humpunguzia mgonjwa maumivu mara nyingi kuliko inavyoiponya kano yenyewe. Mwaka 2004 Galatz na wenzake nchini Marekani waliwapima kwa ultrasaundi wagonjwa 18 waliokuwa wameshonwa michaniko mikubwa, wakakuta kano za 17 kati yao zimeachia. Kiini cha tatizo kiko pale kano inaposhikana na mfupa: kimaumbile, kano hugeuka hatua kwa hatua kuwa gegedu, kisha gegedu lenye madini, kisha mfupa, lakini baada ya operesheni mwili haurejeshi matabaka hayo, bali huunga kwa kovu ambalo ni dhaifu zaidi.

Ndipo likaja wazo la kipandikizi cha kibiolojia, yaani kipande cha tishu ya binadamu au mnyama kilichoondolewa seli kikabaki kiunzi cha kolajeni, protini inayoipa kano uimara wake, ambacho hutandazwa juu ya mshono ili seli za mgonjwa zihamie humo na kujenga upya. Wazo hilo linavutia mno, na kwa sababu hiyo hasa lilihitaji kupimwa. Katika jaribio la Iannotti na wenzake la mwaka 2006, ambamo tiba iligawanywa kwa nasibu, mabega 4 tu kati ya 15 yaliyowekewa utando wa utumbo mwembamba wa nguruwe yalipona, ilhali yaliyoshonwa bila utando yalipona 9 kati ya 15. Mwaka 2012 Barber na wenzake, wakitumia ngozi ya binadamu, walipata kano nzima kwa asilimia 85 dhidi ya 40 ya walioshonwa bila ngozi hiyo, ingawa wagonjwa wao walikuwa 42 tu. Kwa hiyo ushahidi wa kipandikizi kimoja hauwezi kuazimwa kukitetea kingine.

Asili ya tishu nayo si jambo la kufichwa. Mgonjwa Mwislamu wa Unguja au Mombasa, sawa na mgonjwa mwingine yeyote, anastahili kuelezwa kabla ya kutia saini kama kinachowekwa begani mwake kimetokana na nguruwe, ng'ombe au maiti ya binadamu. Daktari asiyeweza kumjibu mgonjwa kuhusu asili hiyo, wala kumwonyesha jaribio lililofanywa kwa kipandikizi hichohicho, asikitumie.