Kipanga Apimwe Somo kwa Somo

Kila msimu wa mahafali ya kidato cha nne, shule zetu hufanya jambo lilelile. Wanaitwa watatu mbele ya mgeni rasmi: wa kwanza, wa pili na wa tatu kwa wastani wa masomo yote. Wanapewa madaftari, pengine na bahasha; waliobaki wanapiga makofi. Mtihani wa taifa wa Novemba haujafanyika, lakini kijiji kizima kimeshaambiwa nani kipanga na nani kilaza. Sisi tunaona utaratibu huu umechoka. Na kama kuna mahali panapostahili kuwa pa kwanza kuuacha, ni Amani, huko juu Usambara Mashariki, wilayani Muheza.

Baraza la Mitihani limeshaonyesha njia. Januari 2023, lilipotoa matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2022, NECTA ilieleza kwamba haitataja tena shule bora wala wanafunzi bora kitaifa. Sababu yake ilikuwa kwamba zoezi hilo halina tija, kwa kuwa watoto hawasomi katika mazingira yanayofanana. Walikuwapo waliolalamika. Sisi tunasema Baraza lilikuwa sahihi. Huwezi kumpanga foleni moja mtoto wa bweni lenye umeme, maabara na mwalimu wa kila somo, na mwenzake anayetembea kwenye ukungu na utelezi kwenda shule ya kata yenye upungufu wa walimu wa Fizikia, halafu ukadai umepima akili zao.

Tatizo ni kwamba uamuzi ule uliishia ngazi ya taifa. Huku chini, orodha ya wa kwanza hadi wa mwisho bado inabandikwa ukutani baada ya kila mtihani, na shule za binafsi zinatundika barabarani mabango ya picha za waliopata daraja la kwanza. Mzazi naye akiipokea ripoti, macho yake yanakimbilia nafasi: "Umekuwa wa ngapi?" Ni wachache wanaouliza mtoto amekuwa hodari wa nini.

Wastani unaficha mengi. Chukua mtoto mwenye A ya Biolojia, B ya Jiografia, C ya Kiswahili na D nne katika masomo mengine. Kwa hesabu ya NECTA, A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3 na D ni 4, na daraja hutokana na masomo saba aliyofanya vizuri zaidi. Huyu ana pointi 22: daraja la tatu. Kwa wastani huo jina lake halisomwi mahafalini, ingawa huenda katika kidato chake hakuna anayemfikia kwenye Biolojia. Shule inampoteza mwanabiolojia wake bila hata kujua kwamba ilikuwa naye.

Nchi nzima nayo inajidanganya hivyohivyo. Katika matokeo hayo ya 2022, karibu watahiniwa 88 katika kila 100 walihesabiwa kuwa wamefaulu. Kwenye Hisabati waliofaulu walikuwa kama 20 tu katika kila 100. Anayetazama idadi ya jumla anapongeza. Anayetazama somo kwa somo anaona kuna kazi kubwa mbele.

Kwa nini tunaitaja Amani? Kwa sababu ni sehemu chache Afrika Mashariki ambazo masomo ya sekondari yamezungukwa na ushahidi mwingi kama hapo. Wajerumani walianzisha taasisi yao ya utafiti wa mimea na kilimo hapo mwaka 1902. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuia meli zao, wataalamu wa Amani walitengeneza kwinini kwa magome ya mikwinini iliyopandwa Usambara, ikawatibu askari wenye malaria. Mwalimu wa Kemia akihitaji mfano wa dawa itokanayo na mti, anao karibu. Wa Historia naye anaweza kufundisha ukoloni wa Wajerumani kwa kuanzia kwenye majengo ambayo wanafunzi wake wanayapita kila siku.

Kidato cha nne hufundishwa urithi wa vinasaba, na mfano unaorudiwa ni njegere za Mendel. Mtoto wa Amani anao mfano uliokua kwenye udongo wake. Miaka ya 1930, watafiti H. H. Storey na R. F. W. Nichols walikuwa hapohapo wakichanganya uzao wa muhogo na wa mti wa mpira wa jamii ya muhogo, kisha wakiurudisha kwenye muhogo kizazi baada ya kizazi, ili wapate mmea unaostahimili ugonjwa wa batobato na bado una mizizi inayolika. Uzao wa kazi hiyo ulifika Nigeria ukawa msingi wa mbegu bora zilizosambaa Afrika. Storey huyohuyo ndiye aliyeueleza kitaalamu kwa mara ya kwanza, mwaka 1936, ugonjwa wa michirizi ya kahawia unaoozesha muhogo ardhini. Magonjwa yote mawili yapo mashambani hadi leo. Jani lenye batobato halihitaji maabara ya mamilioni. Linahitaji mwalimu anayewaambia wanafunzi walilete darasani, walichore, walilinganishe na jani zima, kisha waulize shamba lipi limeathirika zaidi na kwa nini.

Jiografia nayo ina Mto Zigi, unaotoka kwenye misitu hii kwenda kujaza bwawa la Mabayani ambalo maji yake hunywewa Tanga mjini. Biolojia ina Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, ya kwanza ya aina yake nchini, iliyotangazwa mwaka 1997. Ina pia ua dogo la zambarau ambalo Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire alilipeleka Ujerumani mwanzoni mwa miaka ya 1890, na ambalo leo linauzwa kwenye vyungu duniani kote. Ni aibu mtoto wa Usambara kulifahamu ua hilo baada ya mtalii.

Tusisahau kwamba elimu hii iliwahi kuhama. Mkusanyo wa sampuli za mimea ulioanzishwa Amani mwaka 1902 ulipelekwa Nairobi mwaka 1950, na utafiti wa kilimo ulikuwa umeshaelekea Muguga, Kenya. Watafiti wa malaria ndio waliochukua nafasi, na jina la Amani bado limo katika kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Tusiendelee kuhamisha. Safari hii kinachoweza kupotea ni vipaji vya watoto wanaokulia kwenye mashamba ya iliki, karafuu, mdalasini na chai.

Tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, shule zitoe tuzo kwa kila somo, na majina yasomwe kwa uzito uleule. Bora wa Hisabati, bora wa Kiswahili, bora wa Biolojia, bora wa Historia. Tuzo nyingine iende kwa aliyepanda zaidi tangu mtihani wa kidato cha pili. Aliyetoka F akafika C ya Hisabati amefanya kazi ambayo hata mwenye A huenda hakuifanya.

Pili, kila mwanafunzi wa kidato cha pili na cha tatu awe na mradi wa mwaka unaotoka mahali anapoishi: kupima mvua, kuhesabu miche, kufuatilia ugonjwa wa muhogo, kukusanya simulizi za wazee na kuzipima kwa nyaraka. Hili si geni. Shirika la Young Scientists Tanzania, lililoanzishwa mwaka 2011, huwakutanisha wanafunzi wa sekondari kila mwaka na kuwashindanisha kwa tafiti walizozifanya wenyewe. Huko mtoto hulazimika kutetea alichokigundua mbele ya majaji, na cheo cha darasani hakimsaidii.

Tatu, Hifadhi na NIMR wafungue milango kwa ratiba maalumu. Ziara moja ya basi yenye picha za kumbukumbu haitoshi. Mtaalamu mmoja akikaa na walimu wa sayansi siku moja kila muhula, atakuwa ameinufaisha shule kuliko hotuba kumi za mgeni rasmi.

Nne, Halmashauri ya Muheza ihakikishe ripoti ya shule inamweleza mzazi, kwa Kiswahili chepesi, somo ambalo mwanawe anang'ara na somo ambalo anahitaji msaada. Tangu Machi 2024, Serikali ilipoongeza tahasusi mpya 49 za kidato cha tano na zote zikafika 65, mtoto anayejaza selform, fomu ya kuchagua tahasusi, ana uwanja mpana kuliko kaka zake waliobanwa kwenye PCB, HGL na nyinginezo. Upana huo haumsaidii kama hajui nguvu yake iko wapi.

Watakaotupinga watasema ushindani ndio unaomsukuma mtoto kusoma. Tunakubali, ndiyo maana tunataka uongezwe. Kwenye darasa la watoto sitini, zawadi tatu kwa wastani huwasukuma labda kumi. Wengine hamsini wameshajua tangu kidato cha kwanza kwamba shughuli hiyo haiwahusu. Tuzo zikiwa kumi, za masomo kumi, anayependa Jiografia ana sababu ya kukesha, na anayeogopa Hisabati ana sababu ya kuthubutu. Serikali yenyewe inafanya hivyo: Ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka wa masomo 2022/23, huwatafuta waliofanya vizuri zaidi katika sayansi kidato cha sita na kuwalipia chuo kikuu.

Wengine watasema tatizo ni uhaba wa walimu na maabara. Ni kweli, na hakuna tuzo inayoweza kujaza nafasi ya mwalimu wa Hisabati asiyekuwepo. Halmashauri na wizara zinawajibika kuleta walimu, na hatutaacha kuzidai. Lakini kubadili namna ya kumtambua mwanafunzi hakuhitaji bajeti wala waraka kutoka Dodoma. Kunahitaji kikao kimoja cha walimu na bodi ya shule.

Kikao hicho kifanyike muhula huu, kabla ratiba ya mahafali haijachapishwa. Mgeni rasmi akifika, aikute orodha yenye majina kumi au zaidi, kila jina na somo lake.